Laini ya Maongezi

Mpaka leo nikipita kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, kuna watu wananisimamisha njiani kunisifia, na wakinisifia natamani ardhi ipasuke. Wanasema, huyu njo alitutengenezea laini ya maongezi. Wananipa mkono, wananiuliza habari za Lilongwe, wanawaambia watoto wao wasome kama mimi. Nami nacheka, nasema asante, zikomo, Mungu ni mwema, halafu naondoka haraka kabla hawajaanza kuwataja akina mama walioongea na ndugu zao kupitia ile laini. Kuna mama mmoja ambaye sitaki atajwe mbele yangu.

Hiyo laini niieleze vizuri, maana bila hiyo hutaelewa nilichomfanyia.

Miaka ile simu za intaneti zilikuwa zimeanza kuingia kambini, lakini mikononi mwa wachache. Vijana tuliotoka Bukavu tulikuwa na chama chetu, na chama kilikuwa na chumba cha matofali karibu na soko, chenye kompyuta saba za kuungaunga na sola juu ya bati. Fundi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja na nusu wa informatiki kabla ya kukimbia, na ule mwaka na nusu niliutumia kama shahada tatu. Mtu akibishana nami juu ya kompyuta nilikuwa namkata kauli mbele za watu, hata akiwa amenizidi umri. Nilikuwa na mdomo. Bado ninao, ila siku hizi naujua ulichofanya.

Intaneti tuliipata kwa modemu mbili ndogo za kuchomeka, kila moja na kadi yake ya simu na bando lake. Zote zilichomekwa kwenye kompyuta moja nzee tuliyoiita mlango, kwa sababu kompyuta nyingine zote zilitokea hapo kwenda nje. Shida ilikuwa vijana. Wakikaa kushusha nyimbo na mabao ya mpira, mama wa watu aliyekuja kuongea na mwanawe aliyeko Nairobi au Australia anaona uso umeganda, sauti inakuja vipande vipande. Akina mama wakalalamika kanisani, pasteri akatuita. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi nikasimama nikasema nipeni wiki mbili.

Kazi niliifanya, hilo sijinyimi. Programu yoyote ikitaka kuongea na nje hufungua kitu tunachokiita soketi. Ichukulie kama ncha ya bomba: ncha moja kwako, nyingine kwa yule unayeongea naye. Na soketi inakubali uiwekee mipangilio yako mwenyewe kabla haijaanza safari. Mpangilio mmojawapo ni alama, namba tu unayoibandika. Nikaandika programu ya kukaa kwenye kompyuta mlango. Kila soketi ya maongezi ya sauti na sura ilibandikwa moja, kila soketi ya mambo mengine ilibandikwa mbili. Halafu nikaiamuru kompyuta: yenye moja ipite modemu hii, yenye mbili ipite ile. Modemu ya maongezi niliipaka rangi ya kucha nyekundu niliyoomba kwa dada mmoja wa kwaya, ili hata asiyejua kitu aone kwa macho kwamba hii ni ya wazazi.

Nikaongeza na ujanja mwingine. Kufungua soketi kwa rezo ya kule, mtandao wenyewe, kulichukua muda, unaweza kupiga chafya mara tatu inasubiri tu. Kwa hiyo nikapanga kwamba soketi ikimaliza kazi isifungwe, iwekwe pembeni, kama kwenye rafu, na anayekuja akitaka kwenda anwani ile ile aichukue ikiwa imeshafunguka. Rafu hiyo nilijivunia kuliko yote. Tulipoijaribu, mambo yalikwenda kwa wepesi ambao hatukuwahi kuuona, na vijana walewale niliokuwa nawakata kauli wakanibeba juu juu. Kichwa kikavimba.

Sifa zikafika Lilongwe. Kampuni moja yenye maghala Kanengo ilikuwa inatafuta mtu wa kuwatengenezea mambo ya simu za makarani wao, na meneja wao akasikia kwa watu wa kanisa kwamba kuna mkimbizi mmoja Dzaleka ametenganisha laini mbili kwa akili yake mwenyewe. Akatuma salamu kwamba Alhamisi atakuja kuona. Mtu ambaye hajaishi kambini hawezi kujua maana ya salamu hiyo. Kazi yenye barua, barua yenye kukupatia kibali cha kulala mjini! Nilifua suruali yangu mara mbili.

Na Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana, laini ya maongezi ilikuwa imewekewa mama mshonaji.

Mama huyu alikuwa mtu wa Fizi, mjane, cherehani yake ilikaa chini ya kibanda cha nyasi mbele ya mlango wake. Yeye ndiye aliyeshona sare za kwaya zote tatu. Walipokimbia alipotezana na binti yake, wakaja kupatana kwa simu baada ya miaka mingi, binti akiwa Bujumbura. Sasa binti alikuwa amepata mchumba. Wazee wa upande wa kijana walisema hawawezi kuoa kiholela mtoto ambaye mzazi wake yuko hai. Wanataka kumwona mama kwa sura na kumwuliza kwa mdomo. Baba alikwisha kuzikwa mjini Baraka, wajomba walikuwa wametawanyika. Wa kuulizwa alibaki mama peke yake.

Alikuja kwangu siku moja kabla, kujua namna ya kukaa. Akanieleza kwamba kwa wazee wale neno hilo huulizwa mara moja tu. Mzazi akijibu ndiyo, mambo yamekwisha, watu wanakula. Akinyamaza, amekataa, na hakuna wa kuuliza mara ya pili, kwa sababu kuuliza tena ni kuomba, na mtu mzima haombi mtoto wa mwenzake kama anaomba chumvi.

"Kwa hiyo rezo isinicheze, mwanangu," akaniambia.

"Mama," nikamwambia, "laini yenyewe ni ya peke yake. Hata kambi yote ishushe nyimbo, wewe haikuhusu."

Nilisema hivyo nikiwa nimeegemea meza, mikono kifuani. Nakumbuka hata nilivyokaa.

Siku yenyewe alikuja na kitenge kipya na mama mwenzake mmoja wa kanisa wa kumsindikiza. Nikamketisha, nikamwambia asiguse kitu, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. Meneja wa Kanengo alikuwa ameshafika. Nilimwonyesha modemu, akaenda kuzungushwa na mwenyekiti wetu chumba cha pili, walikokuwa vijana. Niliwaruhusu vijana washushe watakavyo, makusudi kabisa, ili mgeni aone kwamba maongezi hayatikisiki. Ushamba wa kujionyesha.

Picha ilikuja safi. Wazee wanne kwenye benchi, kijana pembeni, na binti nyuma yao amefunika kichwa, hatazami kamera. Mama alipomwona alisema, "Njo ule, njo ule mutoto yangu," akamshika mwenzake mkono, halafu akaurudisha gotini. Wakasalimiana kirefu. Wakauliza mvua, wakauliza afya, wakamtaja marehemu baba vizuri. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikiwa nimeridhika na mimi mwenyewe.

Halafu mzee wa katikati akakohoa, akasema, "Mama, tumekuja kwako. Unatupatia mutoto, ama hautupatie?"

Hapo picha ikaganda. Mzee alibaki na mdomo nusu wazi. Mama hakujua kwamba imeganda. Alidhani mzee amenyamaza kumsikiliza, kama inavyopasa. Akavuta pumzi, akasema polepole, kila neno peke yake: "Ndiyo. Ninabapatia. Ninabapatia na roho yangu yote, na baba yake angekuwa hapa angesema vilevile." Akamaliza, akasubiri. Hakuna aliyesogea kule. Binti naye ameganda, uso chini. Ndipo mama akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye kioo, pale ulipokuwa uso wa binti, na wakati huohuo maongezi yakafungika, kioo kikabaki kitupu.

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni na mwenyekiti wetu. Akauliza kwa Kiingereza, "Imekuwaje? Si ulisema imetenganishwa?"

Mimi sikujua imekuwaje. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli na ningeweza kuisema: sijui, ngoja niangalie. Maneno matatu manne. Lakini nilimwona amesimama pale na viatu vyake vilivyopakwa rangi, nikaona barua, nikaona kibali, nikaona chumba cha mjini, na mdomo wangu ukasema, "Yule mama amegusa mashini."

Mama akageuka. "Anasema nini?"

"Nasema umegusa, mama," nikamwambia kwa Kiswahili. "Nilikuambia usiguse."

Akautazama mkono wake. Kioo kile kilikuwa cha zamani, hata ukikigonga kwa nyundo hakikati simu ya mtu, nami nilijua. Mama mwenzake akaanza kusema lakini iliganda mbele, iliganda kabla, nikamkata kauli kama nilivyozoea. Mama mshonaji akasema, "Basi, dada. Nimegusa kweli. Bote mmeona."

Meneja akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliosoma wakikutana na wasiosoma, nami nikacheka naye. Nilicheka mama akiwa amekaa mbele yangu.

Mgeni alipoondoka nikaangalia. Bando la modemu nyekundu lilikuwa limejaa, halijaguswa hata chembe. Bando la modemu ya vijana ndilo lililokwisha, saa nane na dakika zile zile. Maongezi ya mama yalikuwa yamepita kwa vijana tangu salamu ya kwanza, vijana wakalila bando likaisha, simu ikakatika. Kwa nini yalipita huko wakati nilikuwa nimeyabandika moja, sikuelewa. Lakini kwamba si mkono wa mama, hilo nililijua kabla jua halijashuka. Nikalazimisha laini nyekundu kwa mkono, nikapiga Bujumbura mara sita. Wazee, nilikuja kujua, walikuwa wameondoka. Simu ya binti ilikuwa imezimwa.

Kama ningeishia hapo, labda ningejisamehe. Kijana, mgeni, hofu, mdomo umeteleza. Lakini siku mbili baadaye pasteri akaja na simu yake mkononi, akasema wazee wa Bujumbura wako kwenye laini. Mama alikuwa amewatumia ujumbe, akiandikiwa na mwenzake, kwamba alikubali, ila aligusa mashini ikakatika, na wao wakaona ni kisingizio. Wameafikiana wamwulize mtu wa mashini, kwa kuwa yeye si wa upande wowote.

"Kijana," mzee akasema, "we njo wa mashini? Tuambie kweli. Ilikatika yenyewe, ama alikata?"

Pasteri alikuwa ananitazama. Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Barua ya Kanengo ilikuwa inaandikwa wiki hiyo hiyo. Nikasema, "Mama aligusa."

"Aligusa akiisha kuulizwa?"

"Akiisha kuulizwa."

"Asante. Tumeelewa."

Hawakuniuliza alijibu nini. Nami sikuwaambia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nimelisikia neno lake lote, na nikalimeza.

Binti alikwenda kwa yule kijana bila sherehe, bila wazee kula, kama mtu aliyetoroka wakati hakutoroka. Alimtumia mama yake ujumbe mmoja tu, na mama ambaye hakujua kusoma vizuri aliniletea mimi, fundi, nimsomee. Ulisema: "Mama, ungekataa kwa mdomo." Namba yake ikafa baada ya hapo.

Nilimsomea. Nikamrudishia simu. Akaniambia, "Nisamehe, mwanangu, niliharibisha kazi yako mbele ya mgeni."

Mwezi uliofuata, siku nilipokuwa nafunga begi kwenda Lilongwe, alinitumia shati. Jeupe, kola ngumu, vifungo vinne kila mkono. Alisema ni la kunishukuru kwamba sikumgombeza sana. Sikuwa na shati lingine la kuanzia kazi. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani nikiwa nimelivaa, watu wananipungia mikono, na lilinikaa sawasawa bila yeye kunipima.

Kanengo wakati wa msimu hunuka tumbaku mpaka kwenye mkate. Nilipangiwa kutengeneza programu ya simu za makarani wa maghala. Ujumbe mfupi wa mizigo ulitakiwa kupita laini ya simu popote walipo, lakini picha za magunia, ambazo ni nzito, zingoje mpaka karani afike kwenye waifai ya ofisi. Aina mbili za njia, kila muunganisho na alama yake. Nikasema hii naijua. Nikachukua programu yangu ya Dzaleka, nikaigeuza kidogo, nikaipeleka.

Aliyekuwa anakagua kazi zetu alikuwa mama mmoja Mmalawi, mhandisi, mpole, miwani imeshikiliwa na uzi. Hakukaa nayo hata nusu saa. Akaniita, akavuta kiti.

"Umeweka alama kwenye soketi," akasema. "Vizuri. Lakini hapa unapoziweka pembeni zitumike tena, umezipanga kwa anwani tu. Alama hujaiuliza. Kwa hiyo soketi iliyofunguliwa kwa njia ya simu ikiachwa hapa, picha inayokwenda anwani ileile itaiokota, na itapita njia ya simu. Inakuja na alama yake ya zamani."

Nilikuwa naona chumba chetu cha matofali. Vijana wanaandikiana ujumbe kwa huduma ileile aliyoitumia mama, anwani ileile. Kijana mmoja anamaliza, soketi yake yenye alama ya mbili inawekwa kwenye rafu ikingali wazi. Saa nane mama anaketi, mikono magotini, na programu yangu ya kujivunia inamwokotea ile ile ya kijana. Ni kama kuandika majina kwenye ndoo za maji ya kunywa na ya kufulia, halafu kumwambia mtoto achukue yoyote iliyo karibu.

"Ilishawahi kutumika mahali?" yule mhandisi akaniuliza. "Ilimletea mtu shida?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa ya kujifunzia tu."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kudanganya, na safari hii hapakuwa na barua ya kunitisha. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimeshazoea. Akanionyesha pa kurekebisha. Ni mstari mmoja: rafu ipangwe kwa anwani pamoja na alama, basi. Nikauandika nikiwa nimeketi karibu naye, haikufika dakika mbili. Halafu nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Utasema, basi kesho yake ulikwenda ukatubu. Sikwenda. Nilituma mstari ule Dzaleka kwa simu, nikawaambia vijana waubandike, nikasema ni maboresho. Maboresho! Wakanishukuru. Miaka mitatu zaidi ilipita. Nikienda kambini Jumapili nilizunguka kwa nyuma ya kisima ili nisipite mbele ya cherehani. Mara nyingine alinibamba kanisani, akaniuliza kama nakula vizuri. Watu wakaniambia kwamba siku hizi hashiki simu kabisa. Kukiwa na habari za msiba kutoka Fizi, mwingine anamshikia sikioni, naye anaweka mikono nyuma. Waliniambia wakicheka. Nikacheka.

Kilichonisukuma ni harusi yangu mwenyewe. Nilipata mchumba Lilongwe, binti wa watu wa Uvira, na wazee wake wakasema mama yangu, aliyebaki Bukavu, aulizwe kwa simu. Tukakaa Jumamosi mchana sebuleni kwao. Simu ikawekwa juu ya meza, sauti wazi. Mzee akauliza lile swali, maneno karibu yale yale. Kukawa na kimya kidogo, kile cha kawaida cha simu ya mbali. Sekunde mbili, labda tatu. Nikauona mkono wa mama mshonaji juu ya kioo. Halafu mama yangu akasema ndiyo, tunamtaka, na wamama wakapiga vigelegele, na mimi nikatoka nje, nikauliza gari la kesho la kwenda Dzaleka huondoka saa ngapi.

Jumapili nilikwenda Dzaleka. Safari hii nilipita mbele.

Alikuwa amekaa na cherehani yake ingawa ni Jumapili, anafumua mshono tu, hashoni. Macho yalikuwa yamepungua. Akaniwekea kiti, nikakataa, akanitazama. Nikaanza kwa kuzunguka, nikataja rezo, nikataja soketi, akanisimamisha.

"Mi siko fundi. Sema kama bantu banasema."

Nikasema. "Mama, siku ile hukukata wewe. Kazi yangu ilikuwa mbovu. Nilijua siku hiyo hiyo jioni, na wazee waliponiuliza nikasema ni wewe, kwa sababu nilikuwa naitaka kazi ya Lilongwe."

Aliendelea kufumua nyuzi mbili tatu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Kila siku nilikuwa naomba Mungu asamehe huu mkono," akasema. Hakupandisha sauti. "Kila siku. Na we ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona, mama."

Halafu akaingia ndani, akatoka na Biblia, na ndani ya Biblia kulikuwa na karatasi ya kukatia kola yenye namba imeandikwa kwa kalamu ya mkaa. Namba ya binti, imeletwa na mtu wa Uvira mwaka uliopita. Hajawahi kuipiga, hajawahi kumpa mtu ampigie. Alikuwa anaogopa ikikatika tena.

"Piga," akasema. "Uanze we."

Nikapiga kwa simu yangu. Sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za watoto. Nikajitambulisha kuwa ni yule mtu wa mashini wa Dzaleka. Kelele zikapungua, nadhani alitoka walipokuwa watoto. Nikamwambia yote, kama nilivyomwambia mama yake, bila soketi wala rafu. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mama hakukataa."

"Hakukataa."

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, pamoja na lile la baba yake. Sikuhitaji kukumbuka, sikuwahi kulisahau.

"We ulisikia hayo," akasema. "Kwa masikio yako."

"Nilisikia."

Nilisikia anapumua. "Nina batoto batatu," akasema. "Hakuna hata mumoja anajua jina ya bibi yake. Mi njo nilikatazaga." Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayemfukuza mbuzi kwenye mahindi. "Mupatie mama simu. Na we utoke pale."

Mama alikuwa ameweka mikono nyuma. Nikamwambia, mama, ishike, haina neno. Alichelewa, halafu akaipokea kwa vidole vya pembeni, mbali na kioo, akaingia nayo ndani, na mimi nikaenda kusimama njiani kama nilivyoamriwa. Sikusikia maneno. Nilisikia tu kwamba mama anaongea sana, halafu analia, halafu anaongea. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walinisalimia, wawili wakanisifia kwa laini ya maongezi, nikaitikia.

Ilikuwa karibu saa nzima. Mara kimya. Mama akatokea mlangoni, macho mekundu, simu ameishika mbele yake kwa mikono miwili, kioo cheusi. Uso wake ulikuwa umetulia na papo hapo una woga.

"Alikuwa anasema," akaniambia, "na imenyamaza. Hii nayo nimeizima mi?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni betri."

Akaniangalia kwanza, muda mrefu, kabla ya kuniamini.